Gurudumu Linalosimama kwa Zamu

Tunaomba mtuvumilie, maana leo tunataka kuzungumza juu ya meno ya gurudumu. Sisi si mafundi wa mitambo. Tulisomea ualimu, tukashika chaki kwa miaka mingi, na hadi leo tunafundisha katekisimu hapa Lusenda, kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye barabara itokayo Uvira kwenda Baraka. Lakini kwa muda wa miezi saba hivi tuliketi na vijana mbele ya kompyuta iliyozeeka, tukichora gia ambayo haitakiwi kuzunguka wakati wote, na katika kazi hiyo mtu aliumia. Aliumia kwa sababu ya jambo ambalo tungepaswa kulichunguza mapema, nasi tulikuwa tumemhakikishia mama yake kwamba hakuna hatari.

Wasioijua Lusenda huenda wamelisikia jina lake kwa ajili ya kambi. Kambi ilifunguliwa mwaka 2015, Warundi walipovuka mpaka kwa maelfu kufuatia machafuko yaliyoanza Bujumbura mwezi wa Aprili mwaka huo. Kabla ya kambi palikuwa na kijiji, na kijiji kingalipo: Wabembe na jirani zao, wavuvi na wakulima wa muhogo, milima mgongoni na ziwa usoni. Tangu hapo wenyeji na wakimbizi wanashiriki soko moja, njia moja ya kwenda kutafuta kuni, na wakati mwingine ugomvi mmoja. Wanashiriki pia mawese. Rumonge, ng'ambo ya ziwa, ni nchi ya michikichi kama ilivyo Fizi, na mama aliyekamua mawese kule hahitaji kufundishwa kuyakamua huku. Penye mawese hapakosi sabuni. Nasi tunaoishi kwenye ufuko huu, kuanzia Uvira kupita Baraka hadi Kalemie, ambako kipindupindu hurudi kila mara kama mdai, hatuihesabu sabuni kuwa kitu cha anasa.

Akina mama kumi na wawili, nusu wa kambini na nusu wa kijijini, walikuwa wakipika sabuni chini ya banda la mabati karibu na nyumba yetu. Mawese huchemshwa mpaka wekundu wake upungue, kisha huachwa yapoe kiasi. Soda kali huyeyushwa pembeni, soda ikitiwa ndani ya maji wala si maji kumwagwa juu ya soda, maana hapo huruka na kuchoma uso. Halafu vyote viwili huchanganywa na kukorogwa hadi uji uwe mzito, mwiko ukipita uache alama. Hapo ndipo haraka inapoanza, kwa kuwa uji ukicheleweshwa hugandia sufuriani. Akina mama wawili waliinua sufuria, wakainama juu ya kalibu la kwanza la mbao, wakamimina, wakajikokota hadi la pili, na hivyo hivyo hadi la sita. Uji huo bado una soda hai ndani yake. Ukigusa ngozi, ngozi haisahau.

Siku moja mmoja wao alituuliza: «Mwalimu, kwa nini sufuria yenye moto itembee, na makalibu yasiyo na moto yakae?»

Tuliona kwamba swali hilo linashinda mengi tuliyowahi kuuliza darasani. Basi tulitengeneza meza ya duara. Mhimili wake ulikuwa kitovu cha gurudumu la pikipiki kilichofungwa juu ya gogo; juu yake mbao; juu ya mbao makalibu sita; na sufuria ikawekwa juu ya jukwaa lake, na bomba fupi la kufungua na kufunga. Mwanzoni tuliisukuma meza kwa mkono tu. Wengine wakatucheka kwamba tumepata kazi ya kuzungusha sabuni. Na kweli mkono husimama unapotaka: mara kalibu limepita bomba, mara halijafika, na uji unamiminika mezani. Tulihitaji kitu kitakachoisogeza meza sehemu moja ya sita ya mzunguko, kisha kiishike pale pale mpaka kalibu lijae, kisha kiisogeze tena sehemu ile ile, bila mtu kukisia.

Kulikuwa na kijana wa kijijini, aliyesoma shule ya ufundi miaka michache kabla ya karo kumshinda. Alikuwa na kompyuta ya mkononi ambayo betri yake haikai, hivyo kazi yote ilifanyika pale penye paneli ya jua, kwa saa za jua. Ndani yake alikuwa na programu mbili, Inkscape na FreeCAD. Zote mbili hutolewa bure, na zikishawekwa hazidai intaneti, jambo ambalo kwetu lina uzito kuliko bei. Inkscape ni ya kuchorea picha, lakini ndani ya orodha zake mna chombo kinachochora gia: unakiambia idadi ya meno, umbali kutoka jino hadi jino, na pembe ya kusukumana kwa meno, ambayo kwa kawaida ni nyuzi 20, nacho kinakuchorea jino lenye mbavu za mviringo kama inavyotakiwa. Sisi tuliokulia kwenye bikari na rula tulikaa kimya kwa muda. Kazi ambayo ingetuchukua siku nzima ubaoni, na bado tungekosea, ilikwisha kabla ya kijana kuiondoa kidole.

Gurudumu la chini ya meza alilipa meno 48. Gurudumu la mkono, lile lenye mpini wa kuzungushia, lilistahili meno 24, lakini kijana aliyafuta 16 kwenye skrini, yakabaki 8 yanayofuatana. Upande uliobaki ukawa mviringo mtupu. Hesabu yake ni ya shule ya msingi. Meno 8 yanasukuma meno 8, nayo ni sehemu ya sita ya 48. Kwa hiyo kila mpini ukizunguka mara moja, meza inasogea nyuzi 60 na kalibu jipya linakuja chini ya bomba. Meza inatembea wakati mpini unapita nyuzi 120, na inatulia katika nyuzi 240 zinazobaki. Theluthi moja mwendo, theluthi mbili tuo. Tulipenda sana neno hilo, tuo, na tulilirudia mbele ya akina mama kana kwamba tumelibuni sisi.

Michoro ilipelekwa Baraka ikachapishwe, maana gurudumu kubwa lilikuwa na upana wa milimita 480 na lilihitaji karatasi nyingi za kuunganisha. Ilirudi imepungua. Mashine ya kuchapisha ilikuwa imeubana mchoro ili uenee ndani ya karatasi, wala hakuna aliyeona. Magurudumu yote mawili yalipungua kwa kiasi kimoja, kwa hiyo meno yalipatana vizuri kabisa. Yaliyokataa ni mihimili ambayo tulikwisha kuifunga. Tangu siku ile kila karatasi tunaichorea pembeni mstari wa milimita 100, na kabla ya kulipa tunaupima kwa rula pale pale dukani. Anayetaka kuchonga gia kwa mchoro wa kompyuta na alishike hilo kabla ya yote.

Makalibu yakiwa matupu, meza ilifanya kazi hata watoto wakapiga makofi. Yakiwa na uji, kila jino la kwanza liliposhika meza ilishtuka, na uji ukapanda ukingo wa kalibu. Nasi tulitoa dawa yetu ya miaka yote: «Polepole.» Tumewaambia hivyo watoto wanaosoma kwa sauti, wanaoandika, wanaotoka darasani. Akina mama wakazungusha polepole, na kweli uji ulimwagika kidogo zaidi. Lakini walipofika kalibu la nne sufuria ilikuwa imeanza kuganda na bomba kuziba. Kwa hiyo kila siku walianza polepole na kumaliza mbio.

Siku ya tatu uji uliganda mapema kuliko kawaida. Aliyekuwa kwenye mpini ni binti wa miaka kumi na tisa kutoka kambini. Aliharakisha. Jino la kwanza likapiga, meza ikaruka, na kalibu lililojaa upande wake likamrushia uji mkononi, kutoka kiwiko hadi kifundo. Tulimwagia maji mkono ule ndoo baada ya ndoo, kwa muda mrefu, kisha tukampeleka kituo cha afya. Mkono ulipona, kovu lilibaki. Glavu tulikuwa na jozi mbili tu, na waliozivaa ni wale wawili wa bombani. Hilo hatuwezi kulitupia gia.

Mama yake, mzaliwa wa Rumonge, alikuja jioni ile ile. Hakupiga kelele. Alisema: «Mwalimu, uliniambia ni meza tu.» Tukamwomba radhi, na katika kuomba radhi tukasema kwamba binti aliharakisha kupita kiasi. Kila aliyetuuliza sokoni tulimjibu hivyo hivyo. Kesho yake binti hakuja, wala mama, na kabla ya Jumapili wanawake wengine wanne wa kambini waliacha. Wa kijijini wakaanza kusema kwamba watu wa kambi hawana mkono wa kazi. Kikundi kilichoanza na pande mbili kikawa kinasimama kwa mguu mmoja, na maneno yetu wenyewe ndiyo yaliyokuwa yakizunguka sokoni.

Tulimwomba kijana afungue tena mchoro. Kwenye skrini magurudumu yalizunguka kwa adabu, bila kishindo. Programu haikukosea. Iliulizwa meno, ikatoa meno. Hakuna aliyeiambia kwamba juu ya meza kuna uji. Tulitazama kwa siku mbili au tatu bila kuona kitu. Kilichotufumbua macho hakikutoka kwenye kompyuta.

Tulikwenda kwa fundi cherehani, ndani ya kambi, kushonewa suruali iliyochanika, tukaketi tukimtazama. Chini ya ule mguu unaoikandamiza nguo kuna meno madogo. Yanapanda, yanaisukuma nguo hatua moja, yanazama, yanarudi nyuma yakiwa chini, yanapanda tena. Nguo hutembea sindano ikiwa juu, na husimama sindano ikiwa ndani. Mtindo huo wa hatua nne ulipewa hataza mwaka 1854 kwa jina la Mmarekani Allen B. Wilson, na cherehani za kukanyaga kwa miguu za huku kwetu bado zinaufuata. Tulimwuliza fundi kwa nini nguo hairuki ingawa yeye anakanyaga mbio namna ile. Akatutazama kama watu wasiojua lolote, akasema: «Kwa sababu haishikwi ghafla, Mwalimu. Ikishikwa ghafla sindano inavunjika.»

Njiani kurudi tulikumbuka jambo la utotoni. Mwishoni mwa miaka ya 1970, katika misioni moja ya huku ziwani, walitandika shuka ukutani na kuonyesha sinema. Wazee wetu walikuwa na hadithi zao za wakati wa Wabelgiji, za vichekesho vya Matamata na Pilipili ambavyo Padre Albert Van Haelst alivitengeneza Kasai. Sisi tulizikuta filamu nyingine, za milimita 16, na mota iliyonguruma nyuma ya ukuta. Mwenye kuiendesha mashine aliturudisha nyuma watoto, kisha akatuonea huruma akatueleza. Alisema filamu haikimbii. Filamu inasimama mara 24 katika kila sekunde, na kila inaposogea taa inafunikwa, ndiyo maana tunaona mtu anatembea badala ya kuona ukungu. Usiku ule ule ilinasa, ikasimama zaidi ya kipimo, na tukaona picha ikiyeyuka katikati ya shuka kama siagi.

Inasimuliwa kwamba Louis Lumière alipata njia ya kuisogeza filamu kwa kufikiria cherehani. Mashine ndogo kama ile ya misioni kwa kawaida huivuta filamu kwa ukucha. Lakini zile za majumba makubwa ya sinema, za filamu ya milimita 35, zilitumia gurudumu ambalo kwa sura yake huitwa msalaba wa Malta, na jina lake jingine ni gurudumu la Geneva, kwa kuwa mafundi saa wa mji huo walilitumia kuzuia springi ya saa isijazwe kupita kiasi. Kijana wetu hakuwahi kuona filamu ya utepe maishani mwake. Alilitafuta jina hilo siku aliyopata intaneti Baraka, akarudi na picha, naye alikuwa amekwisha kuielewa kuliko sisi.

Gurudumu hilo halina meno. Ni duara lililochanjwa mifereji iliyonyoka kuelekea katikati. Pembeni yake kuna mkono wenye pini moja. Mkono ukizunguka, pini inaingia katika mfereji, inalisukuma gurudumu, kisha inatoka mfereji ukiwa umehama, na safari inayofuata itaingia katika mfereji wa jirani. Kati ya safari hizo, kisahani cha mviringo kilichoko kwenye mhimili wa mkono kinakaa ndani ya mbonyeo wa gurudumu na kulizuia lisitikisike. (Mara ya kwanza tulikiona kisahani hicho kuwa pambo, tukakiacha. Meza ikajihamia yenyewe wakati wa tuo, pini ikakuta mbao badala ya mfereji, na tukachonga gurudumu la pili.)

Siri yote iko mahali pini inapoingilia. Mfereji lazima wakati huo uelekee sawasawa na njia ya pini, yaani uwe wima kwa mkono, nyuzi 90. Ndipo pini inateleza ndani bila kumsukuma mtu. Tuliposikia nyuzi 90 tuliondoka, tukaenda kuchukua ekeri yetu ya ubaoni, ile ya mbao yenye pembe za 30, 60 na 90, tuliyoibeba shule hadi shule tangu ujana wetu, tukailaza juu ya karatasi. Kwa mifereji sita ilikaa sawasawa. Pembe ya 30 kwenye kitovu cha meza, pembe ya 60 kwenye kitovu cha mkono, pembe ya 90 kwenye pini. Kutoka hapo vipimo vyote vinajitoa vyenyewe. Mihimili ikiwa mbali kwa milimita 400, urefu wa mkono hadi kwenye pini ni nusu yake, 200, na gurudumu lina nusu-kipenyo cha 346. Na mpini unapita nyuzi 60 kabla ya mstari wa katikati na 60 baada yake: meza inatembea nyuzi 120, inatulia nyuzi 240.

Wasomaji wameona? Ni hesabu ile ile ya gia ya kwanza. Meza inasogea nyuzi 60 kama zamani, kwa muda ule ule, na tuo ni lile lile. Kijana alikata tamaa kabisa. «Tumerudi palepale, Papa Mwalimu.»

Tukamwambia afungue FreeCAD, achore mkono na gurudumu, ausogeze mkono nyuzi 10 kila mara, nasi tuandike daftarini meza imesogea kiasi gani. Katika gia ya zamani jibu ni moja tangu mwanzo hadi mwisho: kila nyuzi 10 za mpini, nyuzi 5 za meza. Inatoka kwenye kusimama kabisa na kuingia kwenye kasi yake yote kwa jino moja, na mwishoni inasimamishwa vivyo hivyo. Katika gurudumu la mifereji, nyuzi 10 za kwanza ziliisogeza meza kwa 0.56 tu. Za pili 1.92. Kisha 3.73, kisha 5.91, kisha 8.17, kisha 9.71, halafu namba zile zile zikashuka kwa mpangilio ule ule hadi 0.56. Tulizijumlisha mara mbili, zikatoa 60.

Tulizitazama namba hizo kwa muda mrefu. Zilisema kwamba meza mpya, ikifika katikati ya safari yake, inakwenda mbio karibu mara mbili ya ile ya zamani. Ile iliyomwaga ndiyo iliyokuwa ya polepole. Kilichoumwaga uji ni namna meza ilivyoanza na namna ilivyokoma, na hakuna «polepole» yetu yoyote ambayo ingeliondoa pigo la jino la kwanza. Ingelipunguza tu, mpaka siku mtu atakapokuwa na sababu ya kuharakisha. Na sababu ya kuharakisha ilikuwamo sufuriani kila siku, nasi tuliijua.

Palikuwa na maoni mengine. Seremala alitaka mifereji minne, kwa kuwa ni rahisi kuchonga. Kijana alikokotoa: msukumo mkali zaidi, ule wa kasi inapopanda, kwa mifereji minne ni kama mara nne ya ule wa sita, mpini ukizungushwa sawa. Kwa minane ungekuwa nusu tu ya ule wa sita, lakini tuo lingepungua hadi nyuzi 225, na mbao kati ya mfereji na mfereji ingekuwa nyembamba karibu na katikati. Sita ikabaki. Tusidanganye kwamba ni laini kabisa. Pini inapoingia bado kuna mguso, ukiweka kiganja mezani unausikia. Pini yenyewe tuliivika bomba la chuma lililokatwa kwenye fremu ya baiskeli, lizunguke badala ya kusugua, na mifereji tukaipaka mawese.

Kabla ya kuwaita akina mama, ilitubidi twende kambini. Hatukubeba kompyuta. Mama yule alitukaribisha kwa kigoda, akaketi mkekani, na binti akasimama mlangoni, mkono ndani ya kitenge.

«Mama, tumekuja kuomba radhi kwa mara ya pili.»

«Ya kwanza niliipokea, Mwalimu. Hii ya nini?»

«Ile ya kwanza tulisema binti aliharakisha. Tumewaambia na watu. Meza ndiyo iliyokuwa mbaya. Ingetengenezwa vizuri, ingeivumilia haraka yake.»

Mama hakujibu. Binti ndiye aliyeuliza, kwa sauti ndogo: «Kwa hiyo si mimi?»

«Si wewe, binti yetu.»

Mama alisema atakuja kuona, lakini hatakuja kuonyeshwa. Tulielewa alivyomaanisha siku alipofika. Alileta mabeseni sita yake mwenyewe. Akaagiza gia ya zamani irudishwe kwanza, ile yenye meno manane. Kijana alilalamika, maana ni kazi ya nusu siku kuhamisha mihimili. Mama akaketi kivulini akangoja nusu siku. Kisha akajaza maji kila beseni hadi vidole viwili chini ya ukingo, akayapanga mahali pa makalibu, akazungusha mpini kwa mwendo wa mtu ambaye sabuni yake inaganda. Kwa mzunguko wa kwanza maji yaliruka katika mabeseni mawili. Kwa wa pili, katika manne. Alisimama, akatazama mbao zilizolowa, wala hakututazama sisi.

Jioni gurudumu la mifereji likafungwa. Akayajaza tena mabeseni, akapima kwa vidole vyake, akazungusha kwa mwendo ule ule. Maji yalipanda upande mmoja, yakarudi, yakatulia, meza ikiwa imesimama. Akazungusha tena. Akaongeza mwendo kuliko sisi tulivyowahi kuthubutu, na mara ya sita au ya saba beseni moja likatema tone. Akasimama hapo, akarudisha mwendo nyuma kidogo, akaendelea mpaka meza ikamaliza duara mbili bila kumwaga. Wanawake wa kijijini walikuwa wamesogea karibu. Mmoja wao alishika beseni lililokuwa likiteleza, na mama akamwachia alishike.

Akamwambia binti yake neno kwa Kirundi, tusilielewe, na binti akacheka. Halafu akatugeukia.

«Kesho tutakuja. Lakini glavu kwanza, Mwalimu. Kila mtu na zake.»

Kesho yake glavu hazikuwepo, kwa hiyo hakuna aliyepika. Zilifika Jumanne kutoka Uvira, jozi kumi na mbili.